Umeisoma, Je, Umeisema?

Jioni ofisi zinapofungwa, Monrovia Street katikati ya jiji la Nairobi hujaa watu waliobeba vitabu vya mazoezi. Hapo ndipo lilipo jengo la Maendeleo House, ambamo Goethe-Institut imefundisha Kijerumani kwa miaka mingi. Jirani ni Alliance Française, iliyoanza kazi mjini humu mwaka 1949. Ukivuka University Way unaingia Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichofungua Taasisi ya Confucius mwaka 2005, ya kwanza barani Afrika. Katika eneo hilo dogo mtu anaweza kujifunza Kijerumani, Kifaransa au Kichina, kisha akapanda matatu namba 46 kurudi Kawangware au 23 kurudi Kangemi.

Siku hizi wanasoma kwa haraka kuliko zamani. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin, na kwa wengi cheti cha lugha ndicho kilichobaki kati yao na ajira. Swali lililokuwa la walimu peke yao sasa unalisikia hata ndani ya matatu: watu wawili wanaanza pamoja, mwalimu mmoja, kitabu kimoja, mbona baada ya mwaka, mmoja anazungumza ilhali mwenzake bado anatafuta neno? Wengi hujibu kwamba huyo wa kwanza ana kipaji. Silikubali jibu hilo, kwa sababu linamwacha aliyeshindwa bila la kufanya. Naamini kila njia ya kujifunza hujenga ujuzi wake na kuuacha mwingine udumae. Naamini pia kwamba mwanafunzi wa Nairobi anazo njia nzuri tangu utotoni, ila shule ilimfundisha kuzionea aibu.

Nimeipanga hoja kwa sauti nne. Si watu fulani. Ni misimamo inayokutana kila siku katika mji huu, nami nimeupa kila mmoja nafasi ya kujitetea.

MUUGUZI: Mimi hufanya zamu za usiku katika hospitali moja upande wa Ngong Road. Asubuhi nalala kidogo, jioni niko darasani. Nataka B2, maana bila kiwango hicho ni vigumu taaluma yangu itambuliwe kikamilifu Ujerumani. Njia yangu ni ile iliyonipitisha KCSE, ikanipitisha na chuo cha uuguzi: naandika, napigia mistari, nasoma, nasoma tena. Katika mtihani wa B1, kiwango kilicho chini yake, kusoma nimefaulu. Kuandika nimefaulu. Kusikiliza nilipita kwa taabu. Kuzungumza nimeanguka, na sasa naambiwa nibadilishe mbinu. Nani huacha mbinu iliyomfikisha alipo?

FUNDI: Dada, mimi sikukaa darasani kabisa. Nyumbani ni Kangemi. Barabara ya Expressway ilipojengwa, upande huu wa Waiyaki Way, niliajiriwa na kampuni ya Kichina. Nilianza na namba. Kisha majina ya vifaa, kisha maneno ya hatari: simama, shusha, ngoja, rudi nyuma. Hayo ukiyakosea mtu anaumia. Kabla barabara haijafunguliwa mwaka 2022, wenzangu walikuwa wananiita mimi niwatafsirie. Hakuna kitabu nilichopigia mstari.

MWALIMU: Na herufi za Kichina unazisoma?

FUNDI: Hata moja sijui, Mwalimu.

MWALIMU: Hapo ndipo tuanzie. Mimi nafundisha Kijerumani, na mtihani wa B1 hauna siri. Una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika, kuzungumza. Kila sehemu ina alama 100, na kila moja lazima upate 60. Huwezi kuchukua 95 za kusoma ukazibia pengo la kuzungumza. Katika kuzungumza mnaingia wawili, kwa dakika kama 15. Mnapanga jambo pamoja, unaeleza mada kwa ufupi, kisha mnaulizana maswali. Wanafunzi wangu huja na maelezo waliyoyakariri neno kwa neno. Mwenzao akiuliza jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi, kimya.

MUUGUZI: Si kwamba hawajui. Mimi naijua sarufi. Niulize ni wakati gani kitenzi cha Kijerumani huenda mwisho wa sentensi, nitakueleza na mifano. Lakini nikiwa bado nakitafutia kitenzi mahali pake, mwenzangu ameshauliza swali la pili.

MHADHIRI: Unachoeleza, dada, kimepimwa. Na kimepimwa kwa lugha yetu. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha katika jarida la Science utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Walipewa jozi 40 za maneno, neno la Kiswahili na maana yake kwa Kiingereza. Kwao Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kigeni. Wanafunzi walijifunza mpaka kila neno likakumbukwa mara moja. Baada ya hapo, baadhi yao neno walilolikumbuka halikuulizwa tena, ingawa waliendelea kulisoma. Wengine waliendelea kuulizwa maneno yote. Wiki moja baadaye, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80. Wale walioendelea kusoma bila kuulizwa walikumbuka kama thuluthi moja tu.

MUUGUZI: Kusoma tena hakukuwasaidia?

MHADHIRI: Karibu hakukuwaongezea chochote. Na lililonigusa zaidi ni hili: walipotakiwa kukisia mapema watakumbuka kiasi gani, makundi yote yalikisia karibu sawa, nusu hivi. Hisia ya kwamba nimeshajua haikumwambia mtu ukweli. Ukipigia mstari unapata raha ya kulitambua neno. Lakini mgonjwa wa Berlin hatakuonyesha neno ulitambue, atakungoja ulitoe.

Nakatiza hapa, kwa sababu utafiti huu unastahili kujulikana katika kila shule ya Kenya. Watoto wetu husoma daftari usiku kucha, macho yakipita juu ya maneno yale yale, na mzazi akiona taa inawaka hadi saa sita anaridhika. Kufunga daftari na kujiuliza kunaonekana kama uvivu. Nayo ndiyo kazi yenyewe.

MWALIMU: Nakubali, na ndiyo maana natetea kukariri, ila kukariri kwa utaratibu. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza njia ya kadi na sanduku. Unakata manila, upande mmoja neno la Kijerumani, upande wa pili maana. Sanduku la viatu unaligawa vyumba. Kadi zote huanza chumba cha kwanza, ambacho unakipitia kila siku. Ukijibu sawa, kadi inasogea chumba cha pili, kinachopitiwa baada ya siku kadhaa. Ukikosa, inarudi mwanzo hata kama ilikuwa imefika chumba cha mwisho. Neno gumu unakutana nalo mara nyingi, jepesi mara chache. Foleni ya James Gichuru Road jioni inatosha kupitia kadi 30.

MUUGUZI: Nilifanya hivyo na majina ya vifaa vya wodi. Lakini niliandika neno peke yake. Sasa najua "Spritze" ni sindano, ila nikitaka kusema "sindano hii" natetemeka, maana sijui ni der, die au das.

MWALIMU: Kwa sababu uliliacha nusu. Andika die Spritze, das Bett, der Verband. Neno na kibainishi chake viwe kitu kimoja. Na hili wewe huna sababu ya kuliogopa. Mwingereza anashangaa kwamba nomino zinaweza kugawanywa makundi na kila kundi likavuta sentensi nzima nyuma yake. Wewe umesema "kiti hiki kizuri kimevunjika" tangu ukiwa na miaka mitatu.

MHADHIRI: Mwalimu, umegusa jambo ambalo katika darasa lako haliruhusiwi.

MWALIMU: Lipi?

MHADHIRI: Umemwambia atumie Kiswahili kujifunza Kijerumani. Mlango wa darasa lako una karatasi inayosema Kijerumani tu.

MWALIMU: Nina saa chache kwa juma. Nikifungua mlango wa Kiswahili, kila kitu kitasemwa kwa Kiswahili, na Kijerumani kitabaki ubaoni.

MHADHIRI: Sikwambii ufundishe kwa Kiswahili. Nakwambia mwanafunzi anapouliza "hii ni kama ngeli?" usimnyamazishe. Hapo analinganisha lugha, na kulinganisha ni mkakati. Joan Rubin alipoandika mwaka 1975 kuhusu mwanafunzi mzuri wa lugha, alimweleza kuwa mtu anayekisia kwa hiari, asiyejizuia kwa kuogopa kuonekana mjinga, anayetafuta ruwaza na kutumia kila nafasi ya kuzungumza. Soma sifa hizo upya. Huyo ni mtoto yeyote wa Kawangware. Nyumbani anazungumza Kikuyu au Kiluhya, dukani Kiswahili, uwanjani Sheng, darasani Kiingereza. Amekisia maisha yake yote.

FUNDI: Mimi naweza kutoa ushahidi. Watu husema Kichina ni kigumu kwa sababu sauti ikipanda au kushuka maana inabadilika. Lakini nyumbani tunazungumza Kilogooli. Sauti kupanda na kushuka si jambo geni kwangu. Wenzangu waliosoma kwenye kitabu walikuwa wanazihesabu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mimi niliiga tu kama ninavyoiga mtu wa nyumbani.

MHADHIRI: Na hilo lina maana. Kilogooli, Kikuyu, Dholuo, zote ni lugha za toni. Hazifanyi kazi sawa na Kichina. Katika lugha zetu za Kibantu toni hubeba mambo mengi ya sarufi, kama nyakati za kitenzi, na Kichina kinatia toni karibu kila silabi. Lakini sikio lako lilikuwa limeamka zamani. Taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa 2200 za darasa kwa Kichina. Makadirio hayo yalitokana na watu waliokulia Kiingereza. Kangemi hakuna anayeanzia hapo.

Hili ndilo linalonichoma. Tuna wanafunzi ambao kabla ya kufika darasa la nne wanatumia lugha tatu, na bado tunawafundisha lugha ya nne kana kwamba hawajawahi kujifunza lugha yoyote. Tena tunawafundisha kwa hofu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu kuondoa ukoloni akilini, alisimulia jinsi kifungo kilivyopitishwa shuleni kutoka mtoto hadi mtoto, kila aliyeteleza akasema Kikuyu akikipokea, na jioni wote waliokishika wakachapwa. Kwa wengine, muda mrefu baada ya Uhuru, kilikuwa kipande cha ubao kilichovaliwa shingoni. Kizazi baada ya kizazi tulifundishwa kwamba kufungua mdomo na kukosea kunaleta fimbo. Leo tunamweka muuguzi mbele ya watahini wawili kwa dakika 15 tukishangaa kwa nini ananyamaza. Alifundishwa kunyamaza, na alikuwa mwanafunzi mzuri.

MUUGUZI: Kweli. Nikikosea ubaoni sitaki hata kumtazama mtu. Nyumbani peke yangu Kijerumani changu ni kizuri sana.

FUNDI: Mimi nilikosea mbele ya watu arobaini, siku nzima, kwenye jua. Siku ya pili nikarudi. Hakukuwa na alama.

MWALIMU: Kaka, ngoja kidogo. Wewe unasifiwa sana, na unastahili. Lakini unataka sasa nini?

FUNDI: Nataka cheti cha HSK, mtihani wa Kichina. Kampuni nyingine wanataka karatasi. Nilikwenda kuuliza, nikaambiwa ngazi za chini kabisa maneno huandikwa pia kwa pinyin, yaani tahajia ya Kilatini, kwa hiyo naweza kujaribu. Ukipanda juu ni herufi tupu. Na mtihani wa kuzungumza ni mwingine kabisa, una jina lake, HSKK. Nilipofungua karatasi ya majaribio ya ngazi ya tatu, nikaona sentensi ambazo nazisema kila siku na siwezi kuzisoma.

MHADHIRI: Mwaka 1983 Richard Schmidt aliandika kuhusu msanii Mjapani aliyehamia Hawaii, akamwita Wes. Alimfuatilia kwa miaka mitatu. Wes hakutaka darasa. Alizungumza na watu, akafanya biashara, akapata marafiki kwa Kiingereza. Mawasiliano yake yalikua sana. Sarufi yake karibu haikusogea. Alikuwa akieleweka, na kwa kuwa alieleweka, hakuna kilichomlazimisha kutazama mwisho wa neno.

FUNDI: Unasema ni mimi.

MHADHIRI: Nasema ni njia. Schmidt mwenyewe baadaye alijifunza Kireno Brazili, akaandika katika shajara yale aliyosoma darasani na yale aliyosikia mitaani. Yeye na Sylvia Frota wakachapisha matokeo mwaka 1986. Waliona kwamba mambo aliyoyatumia katika mazungumzo ndiyo yale aliyokuwa ameyatambua waziwazi katika maneno ya watu. Kufundishwa peke yake hakukutosha, na kusikia peke yake hakukutosha. Ilibidi alitambue jambo, aseme, "kumbe hivi ndivyo wanavyosema."

MWALIMU: Hapo umenipa haki yangu. Nikiwaacha wazungumze tu, kuandika kutawanasa. Katika B1 wanaandika mara tatu kwa dakika 60: barua kwa rafiki, maoni yao kuhusu mada, na barua rasmi fupi. Barua rasmi haisamehe. Unamwandikia mkuu wa kozi kuomba radhi, huwezi kutumia lugha ya rafiki yako.

MHADHIRI: Sikupingi. Ninachokataa ni kuipa mikakati majina na kuihesabu. Rebecca Oxford mwaka 1990 aliipanga katika makundi sita, na dodoso lake la maswali 50 limejazwa na wanafunzi wa nchi nyingi. Wapo waliodhani kwamba anayetumia mikakati mingi ndiye anayejua lugha zaidi. Zoltán Dörnyei na wenzake waliuliza swali gumu: mtu akitumia mkakati mmoja vizuri kwa kina, kwa nini aonekane dhaifu kuliko anayegusagusa ishirini? Waliona ni afadhali kutazama uwezo wa mtu kujisimamia: kujipangia, kuona kilichoshindikana, kubadili. Dada, wewe hukukosa mikakati. Ulikuwa na mmoja wenye nguvu, ukautumia kila mahali.

Nasimama na mhadhiri katika hilo, ila naongeza jambo asilolisema. Kujisimamia kunahitaji muda, na muda haukugawanywa sawa katika mji huu. Kijana wa Lavington ambaye mama yake anamlipia kozi ya asubuhi, mwenye chumba chake na intaneti isiyokatika, anaweza kujaribu mbinu mpya na kushindwa bila hasara. Muuguzi anayetoka zamu saa moja asubuhi akilipia ada kutoka mshahara wake hushikilia mbinu ya zamani kwa sababu hana nafasi ya kukosea. Ushauri wowote usiofanya kazi ndani ya saa moja ya mtu aliyechoka si ushauri kwake.

MUUGUZI: Ahsante kwa kulisema hilo. Basi niambieni kwa saa moja. Mimi nitazungumza na nani Kijerumani mtaani kwangu?

FUNDI: Na anayesomea mtihani ule ule. Mpigie simu ukiwa njiani. Dakika kumi. Mimi mazoezi yangu yalikuwa ndani ya kazi. Yako utayaweka ndani ya safari.

MWALIMU: Wawili wa B1 wakizungumza peke yao watafundishana makosa.

MHADHIRI: Wajirekodi. Simu yoyote inarekodi. Halafu kila mmoja asikilize mara moja na aandike mahali pawili tu alipokwama. Merrill Swain, alipochunguza shule za Kanada ambako watoto waliokulia Kiingereza walisomeshwa kwa Kifaransa miaka mingi, aliona kwamba walisikia Kifaransa kingi na kukielewa, lakini katika kusema na kuandika walibaki nyuma. Mwaka 1985 akaeleza kwa nini: kusema ndiko kunakomlazimisha mtu kutazama umbo la lugha. Anayesikiliza anaweza kuelewa bila kujua mwisho wa neno ukoje. Anayesema lazima achague. Sasa, ukishapata mahali pako pawili ulipokwama, peleka kwa mwalimu. Hiyo ndiyo kazi yake, na hakuna kadi inayoweza kumfanyia.

MUUGUZI: Kwa hiyo kadi kwenye matatu, der na das zikiwa juu yake. Simu ya dakika kumi. Mahali pawili. Na kusikiliza je?

MWALIMU: Kusikiliza, chagua habari fupi, sikiliza bila maandishi kwanza. Kisha sikiliza na maandishi. Kisha bila maandishi tena. Wengi huanza na maandishi, halafu wanadhani wamesikia. Wamesoma.

FUNDI: Na mimi, Mwalimu? Mimi nahitaji herufi.

MWALIMU: Wewe una sentensi kichwani tayari, na huo ni utajiri. Chukua zile unazozisema kila siku, mwombe mtu aziandike kwa herufi, na ujifunze kuandika kwa mkono herufi zilizomo. Usianze na orodha ya kitabu. Herufi ya neno "shusha" utaikumbuka kuliko herufi ya neno usilolijali.

MHADHIRI: Na karatasi yako ya mlangoni?

MWALIMU: Nitaiondoa kwa dakika kumi za mwanzo. Katika dakika hizo mtu yeyote anaweza kuuliza kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Kilogooli, kitu hiki kinafanana na nini kwetu. Baada ya hapo wawili wawili, Kijerumani, na hakuna atakayesahihishwa mpaka wamalize. Lakini barua rasmi bado naitaka Ijumaa, na ikiwa na kosa la kibainishi nitaizungushia kalamu nyekundu.

MUUGUZI: Ijumaa niko zamu.

MWALIMU: Basi niletee Jumatatu, na uje ukiwa tayari kunisomea kwa sauti.